Kamioni bila freni nzima isipakiwe!

Vijana wenzetu wa Kambove na wa Likasi, ninyi wote munaopita kila siku mu barabara moja na kamioni za mawe na za asidi,

Leo tunasema juu ya kitu chenye wakubwa wanaita «mambo ya garaji» lakini kinachotuua sisi mu barabara: kamioni zisizotengenezwa kwa wakati. Kila mara benne inapokosa freni, tunapewa majibu yaleyale matatu. Mungu alipenda. Shofere alikuwa mulevi. Barabara ni mbaya. Swali la ine haliulizwi: ile kamioni, fundi aliiangalia mara ya mwisho lini?

Sisi tunauliza.

Freni haifi siku moja. Freni za kamioni kubwa zinatumika na hewa, na mu ile hewa kuko maji. Maji yanakusanyika mu tangi za hewa, yanaleta kutu, yanaharibu valvu. Dawa yake ni kufungua robine chini ya tangi kila siku na kuyatoa. Ni dakika chache, bila franga hata moja. Garnitiri zinalika polepole. Mwenye kupima anajua mbele ya hatari. Buloni ya gurudumu inalegea kwanza, njo gurudumu linachomoka. Mpira wa hewa unapiga filimbi asubuhi kabla ya kupasuka mangaribi. Kamioni inasema. Kuko watu wanaokataa kusikia.

Na kamioni za kwetu zinaomba kuangaliwa zaidi kuliko zingine. Wakati wa kiangazi, vumbi nyekundu inaziba filtri ya hewa mbele ya tarehe iliyoandikwa mu kitabu cha kiwanda. Benne inashinda mu foleni ya kupakia, moteri inawaka masaa na masaa, inarudi na kilometa kidogo tu. Bosi anaangalia kilometa, anasema: «Vidanji bado, endeleeni.» Lakini moteri imetumika siku nzima! Kwa kamioni ya kazi, vidanji inahesabiwa pia na masaa ya moteri. Na ukipakia tani zaidi ya kipimo, resori, mapine na freni vinalika mbio. Ku mteremko, tamburi za freni zinapata moto sana, na freni inakosa nguvu hata kama garnitiri ni mpya.

Fundi yeyote wa Likasi anajua hii yote. Basi, juu ya nini haifanyiki?

Ni juu ya hesabu. Kampuni ya mine inapatia kazi ya kusafirisha kampuni ingine, na ile siku ingine inakodi kamioni ku mtu wa tatu. Malipo ni kwa safari ao kwa tani. Kamioni yenye iko ku garaji haileti kitu, basi inasukumwa paka hivyo. Ikifika salama, faida ni ya mwenye kamioni. Freni ikikataa, hasara ni ya shofere, ya mama anayeuza kando ya barabara, ya mtoto anayetoka ku masomo. Shofere akipona, njo yeye wa kwanza kufungwa. Ule aliyemwambia «enda tu, utatengeneza ukirudi» analala ku nyumba yake.

Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya kampuni ndogo zinazopewa kazi na zile kubwa ilitaka Wakongomani nao wapate sehemu yao. Tunaiunga mkono. Lakini kugawa kazi haifute jukumu. Code du travail ya mwaka 2002 inamulazimisha mwajiri kulinda afya na usalama wa mfanyakazi. Code de la route iko tangu 1978. Sheria hatukosi.

Wanasema vipuri ni bei kali. Ndiyo, ni bei kali. Moteri iliyokufa juu ya filtri chafu ni bei gani? Na mtu? Wanasema barabara ni mbaya. Ndiyo, ni mbaya. Ile njo sababu ya kuangalia kamioni mara mbili. Wanasema mashofere wamoja wanakunywa. Wale waondolewe mu usukani. Lakini shofere asiyekunywa hata tone hawezi kusimamisha kamioni isiyo na freni.

Na tusisahau kamioni hizi zinabeba nini. Februari 2019, huko Kabwe, mu barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, kamioni ya asidi ya sulfuriki iligongana na basi. Watu karibu 20 walikufa, na asidi ilimwagika mu kijiji. Hapa haturudilie kesi ile. Tunakumbusha tu kama kosa moja, hata liwe la nani, linaua namna gani kamioni ikibeba asidi.

Wasituambie pia kama hatuna mafundi. Likasi ni mji wa mafundi: Shituru, Panda na Ateliers Centraux za Gécamines. Wazee wetu wanajua mashini inaangaliwa na tarehe, na daftari, na sahihi ya fundi. Wanajua pia mwisho wa mashini inayotumikishwa bila kutengenezwa. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470.000 za shaba. Mwaka 1994 hazikufika hata 50.000. Sababu zilikuwa mingi: Kamoto iliyoporomoka 1990, siasa, wizi. Moja yake ilikuwa hii: franga zilizopaswa kurudi ku mashini zilienda fashi ingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi mpaka leo tunaishi chini ya ukuta ule.

Na serikali? Ku peaji, kamioni inasimamishwa juu ya franga. Mbele kidogo, polisi wa rulaji anaisimamisha juu ya karatasi. Nani anainama chini yake aangalie freni? Karatasi yenye muhuri haisimamishi tani 30 ku mteremko.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kampuni za mine zisipakie kamioni yoyote isiyo na daftari la matengenezo, lenye tarehe, masaa ya moteri na sahihi ya fundi. Geti ni lao, mawe ni yao, jukumu nalo ni lao.

2. Wakati wa kukagua kamioni asubuhi uhesabiwe kama kazi, na siku ya garaji shofere alipwe.

3. Shofere anayekataa kutoka na kamioni mbovu asifukuzwe.

4. Kontroli tekniki ifanyike chini ya kamioni, hapana juu ya meza. Code minier ya 2018 inapatia miji, sekta na shefferi 15% ya redevansi ya mine. Sehemu yake ijenge fashi ya kupima uzito na freni, na hesabu yake ibandikwe mbele ya watu wote.

5. Ajali ikitokea, uchunguzi uanze na daftari la kamioni na mwenye kuitumikisha, usiishie ku shofere.

Na kwetu sisi vijana: ukiona kamioni inapoteza buloni, inamwaga asidi ao inashuka bila freni, kaa mbali, andika plaki, saa na fashi, na upashe habari. Tusichome kamioni, tusipige mashofere. Shofere ni ndugu yetu, ana watoto mu avenue zetu, na kifo kinampitia yeye kwanza. Wenye tunatafuta hawako mu kabini.

Soma, tafsiria wazazi, tuma ku kila parkingi na kila garaji. Mwenye kuwa na ndugu shofere amuulize leo mangaribi: maji ya tangi ya hewa, munatoa? Na kama jibu ni «bosi hapatie sisi wakati», basi tunajua wapi pa kugonga mlango.