Muulize Mwandishi Kabla ya Kumhukumu

Amri ya nane haikuacha mwanya kwa ajili ya waandishi wasiomwamini Mungu. Katika darasa la kipaimara tulifundishwa kwamba kutomshuhudia jirani uongo ni pamoja na kumtetea na kuyapokea maneno yake kwa upande ulio mwema. Luther hakuandika popote kwamba amri hiyo inakoma jirani akiwa mpinga kanisa. Hata hivyo, kila filamu inapotoka katika kitabu chenye utata, ujumbe wa onyo huzunguka katika simu za washarika. Aliyeutuma hajasoma kitabu, aliyeupokea hajasoma, na atakayeusambaza kesho hatasoma. Mnaita hiyo kuitetea imani? Mimi naiita uvivu, na uvivu unaomchafulia mtu jina ni dhambi.

Chukueni habari za Philip Pullman, mwandishi wa Uingereza. Babu yake alikuwa mchungaji wa Kianglikana, lakini yeye hamwamini Mungu wala hafichi jambo hilo. Kati ya 1995 na 2000 alitoa vitabu vitatu vya vijana viitwavyo kwa pamoja His Dark Materials. Ndani yake kanisa ni chombo cha mabavu kinachowadhuru watoto. Mkristo anayesoma anaumia, na ana haki ya kuumia.

Vitabu hivyo vilipogeuzwa kuwa mchezo wa jukwaani katika National Theatre ya London, Rowan Williams, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alikwenda kuutazama. Kisha, Machi 2004, aliketi na Pullman mbele ya watu katika ukumbi huohuo wakazungumza. Askofu hakumtukana mwandishi wala hakumbembeleza. Alimuuliza swali: katika hadithi ndefu hivyo juu ya dini, Yesu yuko wapi?

Swali hilo halikumtoka Pullman. Mwaka 2010 alitoa kitabu kizima kumhusu Yesu. Si kitabu ambacho ningekifundisha kanisani, maana kinamgawa Bwana wetu kuwa watu wawili, Yesu na Kristo. Lakini angalieni kilichotokea: mtu aliyeandika juu ya kanisa karibu bila kumtaja Mwokozi alilazimika kumtazama Mwokozi usoni, kwa sababu Mkristo mmoja alisoma kwanza, kisha akauliza.

Sasa linganisheni na mwaka 2007, filamu ya The Golden Compass ilipotoka kutokana na kitabu cha kwanza. Huko Marekani shirika la Catholic League liliwataka watu waisusie. Mwongozaji, Chris Weitz, alikuwa ameshasema kwamba maneno makali juu ya dini yangelainishwa. Hata sura za mwisho za kitabu, zenye kifo cha mtoto, ziliachwa nje. Filamu haikufanya vizuri Marekani, na mwendelezo wake haukutengenezwa. Je, huo ni ushindi wa Injili? Ni nani aliyesogea karibu na Kristo kwa njia hiyo? Wasioamini walilalamika kwamba ukweli wa kitabu umefichwa, na waamini walilalamika kwamba filamu ni chambo cha kuwavuta watoto kwenye vitabu. Wa pili hawakukosea kabisa. Lakini kama ni chambo, dawa yake ni mzazi anayekijua kitabu na kukaa na mtoto wake. Mzazi aliyefumba macho hawezi kumwonyesha mtoto ndoano ilipo.

Sisi Walutheri tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Luther mwenyewe alikuwa mwandishi mwenye utata. Kule Worms, mwaka 1521, vitabu vyake viliwekwa mezani akatakiwa avikane, naye akaomba aonyeshwe kosa lake kwa Maandiko. Filamu juu ya maisha yake ilipotoka mwaka 1953, wakaguzi wa jimbo la Quebec, Kanada, waliipiga marufuku. Desemba 1956 kituo kimoja cha televisheni cha Chicago kiliiondoa katika ratiba baada ya malalamiko. Waprotestanti wakasema wameonewa, na walisema kweli. Basi haki tuliyoidai kwa ajili ya Luther hatuwezi kumnyima Pullman.

Mtaniambia: Mchungaji, na watoto je? Paulo aliwaonya Wakorintho wasimkwaze aliye dhaifu. Ni kweli, na si kila filamu inamfaa kila mtoto. Mzazi ana haki ya kusema hapana nyumbani mwake. Ila aseme hapana akijua anakataa nini. Paulo huyohuyo alipita Athene akiangalia madhabahu zao, akawajua washairi wao, ndipo akasimama Areopago kuhubiri. Hakuhubiri kwa kusikia uvumi.

Kwa hiyo ujumbe ujao utakapofika, kabla hamjausambaza, ulizeni: Mwandishi mwenyewe amesema nini? Filamu imebakiza nini na imeondoa nini, na kwa nini? Je, kanisa analolishutumu linafanana na letu mahali fulani? Swali hilo la mwisho ndilo tunalolikwepa. Mpinga Mungu akiandika juu ya kanisa linalowaumiza watoto, kazi yetu ya kwanza ni kuhakikisha kwamba hajaandika juu yetu.