Paka wa Koti Kwenye Kadi ya Bibi Harusi



Juzi aliingia hapa kwenye cherehani zetu, Ziwani, bibi harusi mtarajiwa, simu mkononi. Alikuja na picha za postikadi za zamani za Uingereza: paka wamevaa makoti na kofia, wanakunywa chai na kusengenyana kama sisi siku ya hina. Tulicheka mpaka cherehani zikasimama. Akataka paka hao hao tuwachore kwenye kadi za mwaliko na kuwadarizi kwenye foronya. "Si bure tu, dada? Ziko mtandaoni."

Tuanze na huyo mwenye paka, Louis Wain wa London. Alioa mwaka 1884, na haukupita muda mrefu mkewe Emily akaugua saratani ya matiti. Akawa anamchora paka wao, Peter, ili mgonjwa atabasamu. Emily alifariki 1887. Paka wakaenea kwenye postikadi, lakini Wain alikuwa akiuza mchoro bila kubakiza haki yoyote ya kuuchapa tena. Wengine wakachuma. Mwaka 1924 alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, wodi ya maskini, hadi watu walipomchangia akahamishwa.

Alifariki 1939, kwa hiyo hatumdhulumu leo. Kinachotuuma ni hilo neno "bure". Mwaka jana gauni letu la nikahi lilipigwa picha, na baada ya wiki chache mshono ule ule ukaning'inia duka la mtu. Tulikesha nao siku tatu!

Na kusini tuna wetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaanza kuchora Dar es Salaam 1968 kwa rangi za baiskeli. Chui wake hawavai koti, ila wanakutazama kama jirani aliyekuona ukificha sukari. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Leo mtindo wake uko kwenye kadi, sinia na fulana, na kuna wanaonunua wakidhani jina lenyewe ni la lile greda la barabarani.

Kwa hiyo tulimwambia bibi harusi: mchoraji aliye hai yupo Mtwara mjini, mlipe yeye. Umemwaga pesa kwa mpambaji na mpishi, mchoraji ndiye wa kupewa asante tu?

Suala la picha za viumbe hai lina wajuzi wake. Shoga, muulize sheikh wako kabla hujaleta kitambaa. Sisi kwenye nguo za kuswalia hatutii picha kabisa.

Alinuna kidogo. Siku ya pili akarudi na mama yake, wakaafikiana: foronya zimepata asumini, na kadi inachorwa Sungura wa kanzu, Fisi nyuma yake amebeba sinia la pilau, ulimi nje. Arubuni alimpa kijana mkononi, mbele yetu.