Gari bila shofere: ajali ikitokea, nani atajibu?

Ndugu wachimbaji, musifikiri hii ni habari ya Ulaya peke yake. Kule Kibali, katika Haut-Uélé, kuko mashini zinazochota mawe ya zahabu chini ya udongo bila mutu ndani yake. Anayezichunga anakaa juu, mbele ya ekrani. Ni Congo hii hii yetu. Kampani kubwa ikirudi siku moja Kamituga, haitakuja na nyundo tu.

Sisi hatupingi mashini. Inaweza kuingia mahali jiwe lingemuangukia mutu, na Kamituga inajua uchungu huo tangu Septemba 2020, mvua ilipojaza mashimo ya Detroit. Tunauliza kitu kimoja: mashini ikimugonga mutu, familia itabisha mulango wa nani?

Inchi zingine zimeanza kujibu. Ujerumani, sheria ya 2021 inataka kuwe mutu anayechunga gari toka mbali, mwenye uwezo wa kuisimamisha. Uingereza ilipitisha yake 2024: gari ikijiendesha yenyewe, aliyekaa ndani hashitakiwi kwa namna ilivyokwenda, kampani iliyopewa ruhusa ndiyo inajibu. Marekani ilionyesha hatari ya kuchelewa. Kule Tempe, Arizona, Machi 2018, gari ya majaribio ya Uber iliua mwanamke aliyekuwa anavuka barabara. Kampani haikushitakiwa kwa jinai. Aliyehukumiwa ni mufanyakazi aliyekuwa ndani.

Ndiyo woga wetu: kosa kushuka mupaka kwa mudogo.

Hapa kwetu, Code de la route ni ya 1978. Wakati ule kila gari ilikuwa na shofere. Code civil, kifungu cha 260, inasema mwenye kuchunga kitu anajibu kwa hasara kinayoleta. Ni mwanzo muzuri. Lakini maavoka watabishana: aliyekuwa anachunga ni nani? Aliyetengeneza mashini, kampani ya mugodi, ao kijana wa mbele ya ekrani?

Wabunge waandike jibu mbele ya ajali, si nyuma yake. Na sisi tusingojee Kinshasa tu. Code minier, tangu 2018, inalazimisha kampani kufanya cahier des charges na wakaaji wa mahali. Siku karatasi hiyo italetwa, machefu na makoperative waombe mustari mumoja: mashini isiyo na shofere ikiumiza mutu, kampani ya mugodi inalipa kwanza, kisha itatafutana na aliyeitengeneza. Ule mustari ukikosekana, tusitie saini.