Rangi ya titani si rangi ya ukutani!

Bumu halijatoka ila mdomo bado una nguvu, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Huku Kilakala kijiweni kwetu kuna ubishi. Watu wanashikilia kwamba vile vipande vya titani vinavyobeba jino la bandia, vikiwa na rangi ya dhahabu au waridi, ni feki. Eti vimepakwa rangi, itabanduka, utameza sumu. Na wengine wanaosema hivyo ni walimu watarajiwa wa Kemia! Jamani!

Hakuna kilichopakwa pale. Titani ikiwa hewani hujitengenezea yenyewe utando mwembamba wa oksidi. Ukiichovya kwenye maji yenye chumvi kama trisodiamu fosfeti, ukaiunga upande chanya wa betri, yaani ikawa anodi, utando unanenepa. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando unakutana na unaorudi kutoka chini yake, rangi nyingine zinafifia, nyingine zinang'aa. Ni kama mafuta ya gari juu ya dimbwi. Volti ndiyo inayoamua: kwenye 30 hivi unapata bluu, 60 na kitu dhahabu, 70 na kitu waridi. Betri 7 za volti 9 zikiungwa mfululizo ni volti 63. Dhahabu hiyo!

Kwa nini kwenye meno? Titani ni ya kijivu, na fizi ikiwa nyembamba ukijivu unaonekana kwa nje. Dhahabu au waridi inaupunguza. Viwandani pia rangi hutumika kutofautisha saizi za skrubu. Ikikwaruzwa itafifia, sikatai. Lakini kilichotoka ni oksidi ileile, si rangi ya dukani.

Tena kichekesho: mchanga wa titani uliochimbwa Kwale, Kenya, kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, haukuwa wa meno. Madini ya aina ile duniani kote sehemu kubwa huishia kuwa unga mweupe wa rangi za ukutani. Kwa hiyo rangi yenyewe ndiyo inatengenezwa kwa titani!

Sasa wa kulaumiwa nani? Sisi. Tunadesa "anodi chanya, kathodi hasi", tunapita UE, tunaenda TP kuwakaririsha watoto ubaoni. Mtoto anapata A ya Kemia halafu bibi yake akiogopa jino la dhahabu hana la kumwambia. Bibi anabaki na pengo kwa sababu ya uvumi tulioshindwa kuujibu. Hiyo elimu ya nani?

Msiniambie hakuna vifaa. Kipande kimoja cha titani kinatosha darasa zima: kikishapata rangi unakisugua kwa msasa, unaanza upya. Ila volti 60 si mchezo, waya ashike mwalimu mwenyewe, na glovu mikononi.

Anayebisha aje na hoja, asije na desa. Nawasilisha.