Uongozi wa wauguzi: Semina ya siku moja haitoshi

Na Mwandishi Wetu, Babati

DAKIKA moja yaweza kuamua iwapo mtoto aliyezaliwa bila kupumua ataishi au la. Katika dakika hiyo, mara nyingi hakuna daktari chumbani. Yupo mkunga, yupo muuguzi mwenzake, na yupo mama aliyechoshwa na uchungu.

Nani amkaushe mtoto na kumsugua mgongo? Nani ashike mfuko wa kupulizia hewa? Nani abaki na mama asije akatokwa na damu nyingi? Maswali hayo hayana budi kuwa yamekwisha kujibiwa kabla mtoto hajazaliwa. Huo ndio uongozi katika taaluma ya uuguzi, na hautokani na cheo kilichobandikwa mlangoni.

Kwa mji wa Babati, yalipo makao makuu ya Mkoa wa Manyara pamoja na hospitali yake ya rufaa, somo hilo halihitaji kufuatwa ng'ambo. Limepatikana ndani ya mkoa huu huu, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu.

Mwaka 2010, watumishi wa wodi ya wazazi ya Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Walipopimwa baadaye kwa kutumia sanamu ya mtoto, walifanya vizuri kuliko awali. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulibaini kuwa namna walivyowahudumia watoto halisi wodini haikuwa imebadilika.

Kuanzia mwaka 2011, hospitali hiyo iliongeza jambo dogo. Mazoezi ya dakika chache yakawa yanafanyika mara kwa mara ndani ya wodi, katikati ya kazi za kila siku. Katika mwaka mmoja, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Elimu ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni mazoea.

Fikra hiyo ilipelekwa mbali zaidi kati ya mwaka 2021 na 2023, kupitia mpango wa uzazi salama uliotekelezwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Kila kituo kiliteua watumishi wake wenyewe wa kusimamia mazoezi ya wenzao, na takwimu za kituo hicho ndizo zilizoonyesha udhaifu wa kufanyiwa kazi.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2025 katika jarida la The New England Journal of Medicine, yalihusu takriban akina mama 300,000. Vifo vya watoto wakati wa uchungu na ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilipungua kwa asilimia 18, na vifo vya akina mama vilipungua kwa karibu robo tatu.

Takwimu hizo zinaeleza jambo ambalo semina za ukumbini hazilifikii. Muuguzi kijana anayeona kosa la mkubwa wake anaweza kunyamaza kwa heshima au kwa hofu. Akiwa amezoea kufanya mazoezi na mkubwa huyo huyo, akiitwa kwa jina, akipewa jukumu na kuruhusiwa kusema "hapa tumekosea", ni rahisi zaidi kwake kusema hivyo siku maisha ya mtu yanapokuwa hatarini.

Hata hivyo, mazoezi hayawezi kuziba pengo la watumishi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mkunga aliyeachwa peke yake zamu ya usiku hana timu ya kuiongoza. Kumtaka awe kiongozi bora bila kumpa mwenzake ni kumtwisha lawama zisizo zake.

Aidha, muuguzi akikabidhiwa wodi kwa kigezo cha miaka yake kazini pekee, hakuna uhakika kwamba ataweza kugawa majukumu, kusikiliza walio chini yake au kuzungumzia kosa pasipo kumdhalilisha aliyelitenda. Hizo ni stadi za kujifunza, kama ilivyo kuchoma sindano.

Hapo ndipo wajibu unapowageukia waganga wakuu, wauguzi wakuu na halmashauri zinazopanga bajeti. Ni rahisi kuhesabu semina zilizofanyika na vyeti vilivyotolewa. Kipimo cha kweli ni iwapo kila zamu inatengewa dakika kumi za mazoezi, na iwapo yupo mtu wa kufanya nayo.

Uthibitisho ulipatikana Manyara kabla ya kusomwa duniani. Itakuwa aibu iwapo wodi za mkoa huu zitakuwa za mwisho kuuzingatia.