Anayejibu Uvumi wa Chanjo na Aseme Yote

Julai mwaka 2025, Wizara ya Afya ya Kenya ilipotangaza siku kumi za kuwachanja watoto wa miezi tisa hadi miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo, ambayo mitaani haina jina ila taifodi, sambamba na chanjo ya surua na rubela, uvumi ulikuwa umekwisha kutapakaa simuni: kwamba sindano ile inafunga uzazi, kwamba ni majaribio yaliyogharimiwa na tajiri Bill Gates, na kwamba Mkenya ndiye panya wa maabara. Walitokea watu wa kuukabili, matabibu, waandishi na vijana wenye elimu ya sayansi, wakakesha wakijibu hoja moja baada ya nyingine, nami nawapa heshima yao kamili. Ila ninalo la kuwaambia, kwa kuwa nawatakia ushindi, nalo ni kwamba mwenye kupinga uzushi hana budi kusema ukweli wote, hata ule usiomfaa, maana akificha kipande kimoja, mzushi atakiokota na kukifanya silaha.

Tuanze na Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kwa kuwa huko hoja ya taifodi ina dalili za kuhesabika. Kati ya mwaka 2007 na 2009 watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wakishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti maradhi, waliwafuatilia wakazi wa vijiji vyake vya Gatwekera na Soweto, wakakuta taifodi ikiwapata watu 247 katika kila 100,000 kwa mwaka, ilhali huko Lwak, mashambani magharibi mwa nchi, waliopatwa walikuwa 29 tu. Na walioumia zaidi Kibera ni watoto wa miaka miwili hadi tisa. Sababu yake haihitaji darubini. Mtu apitaye vichochoroni ataona mabomba membamba ya plastiki yamelazwa ndani ya mtaro uleule unaochukua maji taka, yameungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na maji yakikatwa bomba hufyonza kwa kila tundu kilichoko nje yake, hata kesho yake, maji yarudipo, mtungi wa kwanza aununuao mama ukawa umebeba uchafu wa mtaa mzima.

Kwa hiyo mama huyo akisema kwamba angeletewa kwanza maji safi kabla ya kuletewa sindano, hasemi upuuzi, na anayemwita mjinga amemdhulumu. Jibu la insafu ni kumwambia kwamba amesema kweli. Kwamba chanjo haizibi mtaro wala haimwondolei mwenye mamlaka wajibu wake wa kuleta maji. Kwamba utafiti uliofanywa Blantyre, Malawi, kwa watoto zaidi ya 28,000, na matokeo yake kutolewa mwaka 2021, ulionyesha kinga ya asilimia 80 hivi, wala si mia. Na kwamba mtoto aliye mgongoni mwake leo hawezi kulingoja bomba jipya. Ama kuhusu dai la kujaribiwa, Pakistan iliingiza chanjo hiyo katika utaratibu wake wa kawaida mwaka 2019, nazo Zimbabwe na Malawi zilitutangulia vilevile.

Uvumi wa kufunga uzazi una asili ndefu zaidi, na wengi wanaoujibu huupitia mbiombio. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda iliyowalenga wanawake wa miaka 14 hadi 49, wakidai kwamba dawa imetiwa homoni ya ujauzito, ijulikanayo kama hCG, ili mwili wa mwanamke upigane na mimba yake mwenyewe. Dai hilo halikuzuka hivihivi. Wanasayansi, wakiwamo wa Shirika la Afya Duniani, walikuwa kweli wamewahi kutafiti chanjo ya kuzuia mimba kwa kuunganisha homoni hiyo na sumu ya pepopunda iliyoondolewa ukali, na uvumi kama huu ulikuwa umekwisha kuvuma Mexico na Ufilipino katika miaka ya 1990. Mwenye kujibu akikana kwamba utafiti huo ulikuwapo, msikilizaji atautafuta, atauona, na hatamwamini tena kwa lolote. Lakini akiukiri, hapo hupata masikio ya kumweleza kwamba dawa ile ya utafiti ni nyingine na chanjo ya pepopunda ni nyingine. Kwamba vipimo vya kwanza vilivyotangazwa vilifanywa kwa mitambo iliyoundwa kupima damu na mkojo wa binadamu, ambayo huweza kudanganywa na kemikali za ndani ya chanjo. Na kwamba walilengwa wanawake kwa sababu mama aliyechanjwa humrithisha mwanawe kinga angali tumboni, asije akafa katika majuma yake ya mwanzo kwa kukatwa kitovu kwa wembe usio safi. Serikali nayo ilianza kwa kusisitiza tu kwamba chanjo ni salama, ndipo baadaye ikakubali vipimo vya pamoja na Kanisa. Lau vipimo vingetangulia, fitina ingepungua sana. Mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga, na wanawake wa nchi hii hawakuacha kuzaa.

Kadhalika, mwaka huohuo wa 2018, virusi vya polio vilipatikana katika maji taka ya Eastleigh, Nairobi, navyo vilitokana na chanjo ya matone yenyewe. Habari hii ni kweli, na yapasa isemwe na daktari kabla haijasemwa na mzushi: matone hayo hubeba virusi vilivyodhoofishwa, ambavyo vikizunguka muda mrefu baina ya watoto wasiochanjwa huweza kurudia ukali wao, na kinachovikomesha ni kuwachanja watoto zaidi.

Lipo pia jambo linalonichukiza kwa baadhi ya wanaojibu uvumi. Dakta Stephen Karanja, mwenyekiti wa Chama cha Madaktari Wakatoliki, aliyeipinga chanjo ya pepopunda na baadaye ya korona, akisifu kujifukiza, alifariki kwa korona Aprili 2021, hali maaskofu wenyewe walikuwa wamekwisha kuihalalisha chanjo hiyo. Kuyataja mauti yake kwa kicheko ni ukosefu wa utu, na fauka ya hayo hakumgeuzi moyo hata mtu mmoja. Kosa lake lielezwe bayana kwa dalili, basi.

Afadhali atajwe Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, katika pwani ya Somalia, ambaye Oktoba 1977 alikuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alifanya kazi hospitalini na bado aliikwepa chanjo, kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anawaendea wazazi waliosita kuhusu polio na kuwasimulia kisa chake, mpaka malaria ilipomuua Julai 2013 akiwa katika kazi hiyo. Alikuwa na hoja ambayo matabibu wengi hawana: alikiri kwamba yeye mwenyewe aliogopa.

Kibera inao watu wa namna hiyo, wahudumu wa afya ya jamii wanaojulikana mlango kwa mlango, na inayo redio ya Pamoja FM inayosikika mtaani; hao wapewe majibu kamili mapema, pamoja na yale machungu, kabla kampeni haijatangazwa. Nawe mzazi mwenye shaka, nenda nayo kituoni, uulize. Mwombe muuguzi akuonyeshe kichupa cha chanjo ya taifodi: kwenye karatasi yake mna duara lenye mraba mdogo ndani, ambao hukolea rangi kila chanjo ipatwapo na joto. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu chanjo; ukilingana nalo au kulizidi kwa kukolea, kichupa hicho hakifai, na una haki ya kudai kingine.