Nyangwe, Tongoni, Namoya: siri iko wapi?

Muulize mtu wa Kinshasa ao wa ng'ambo: Kongo kuko nini ya kutembelea? Atakutajia masokwe ya Virunga na moto wa Nyiragongo. Akijua zaidi kidogo, kwa upande wa Maniema yetu atataja park ya Lomami, ile iliyoundwa mwaka wa 2016, pamoja na kima lesula ambaye wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka wa 2012. Ni vizuri. Lakini huku kusini, Kasongo na Kabambare, kuko fasi zingine ambazo wageni wenye hamu ya kujua wanaziulizia: Nyangwe, Tongoni, mlango wa Lualaba kule Kongolo, mashimo ya zamani ya Namoya hapa Salamabila. Wanaziita fasi za ajabu, fasi za siri.

Mimi nasema hazina siri. Kile tunachoita siri ni kazi ambayo sisi wenyewe hatujafanya: kusema wazi nani alikufa pale, nani alibeba mzigo, nani alichimba. Tusipoifanya sasa, mgeni atakuja, atapiga picha ya mwembe na ya maji, atarudi kwake na kusema ameona ajabu. Watu hatawaona.

Tuanze Nyangwe. Soko lake lilikuwa kando ya Lualaba, na wanawake wa pande zote mbili za mto walileta pale samaki, mihogo, vyungu, kuku, mafuta ya ngazi. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871 watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliingia sokoni na bunduki, wakaanza kupiga. Watu wakakimbilia mitumbwi. Mitumbwi ikajaa, ikazama, wengine wakajitupa majini na mto ukawachukua. David Livingstone alikuwa pale, aliona kwa macho yake. Aliandika kwamba wafanyabiashara wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Wengi walikuwa wanawake. Habari ile ilipofika Uingereza iliwasha hasira, ikaongeza nguvu kwa wale waliokuwa wanamsukuma Sultani Barghash, na mwaka wa 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Fikiri hapo kidogo, ndugu msomaji. Mama wa Maniema aliyetoka asubuhi na kitunga cha mihogo kichwani, kifo chake kilisaidia kufunga soko lililokuwa mbali naye kwa safari ya miezi mingi. Kwa vitabu, Nyangwe ni fasi Livingstone alifika, Cameron alipita mwaka wa 1874, na Stanley alitoka mwaka wa 1876 kufuata mto mpaka baharini. Wazungu watatu, na kila mmoja na jina lake. Wale wa soko wamebaki hesabu tu.

Kuko jambo lingine la kushangaza. Livingstone alikosa karatasi, akaandika habari zake juu ya gazeti la zamani, kwa wino aliotengeneza na mimea ya huku. Wino ulififia mpaka haukusomeka tena. Mwaka wa 2011 watafiti walipiga ile karatasi picha kwa mataa ya namna mbalimbali, maandishi yakatokea, na leo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma. Karatasi ya Nyangwe imepata taa. Nyangwe yenyewe bado inangoja yake.

Twende Tongoni. Kwa Kiswahili tongo ni fasi ambayo watu walihama, nyumba zikaanguka, miti ikabaki peke yake. Tanzania nao wako na Tongoni yao karibu na Tanga, yenye msikiti na makaburi ya zamani sana, na watalii wanaenda kuitazama. Tongoni ya kwetu ndiyo Kasongo ya kwanza, makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip. Jeshi la Dhanis lilichukua Nyangwe mwezi wa tatu 1893, na Kasongo mwezi wa nne wa mwaka uleule. Baadaye mji ulihamishwa mpaka pale uko leo. Mpunga wa Kasongo, Uislamu wa Kasongo, hata hiki Kiswahili ninachoandika, vilikuja kwa ile njia. Minyororo nayo ilipita mulemule. Na wale walioshinda mwaka wa 1893 walisema wamekuja kumaliza utumwa, lakini mtu wa kijiji aliona nini? Bendera ilibadilika, mzigo ukabaki kichwani: leo pembe, kesho mpira.

Hata Kabambare, ambayo leo watu wanaijua tu kwa habari za vita na za dhahabu, ilikuwa kituo kikubwa cha njia ile. Livingstone alilala pale miezi mingi mwaka wa 1870, vidonda vya miguu vimemshika. Kutoka Kabambare misafara ilienda mpaka ziwa Tanganyika, ikavuka kwenda Ujiji, ikapanda Tabora, ikashuka Bagamoyo, mwisho Zanzibar.

Sasa angalia wenzetu wamefanya nini na ile njia. Zanzibar, fasi ya soko la watumwa, wamejenga kanisa kubwa na wameweka sanamu za watu wenye minyororo shingoni. Mgeni analipa, anaingia, anaelezwa, anatoka kimya. Mji Mkongwe uliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka wa 2000. Mwaka wa 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO jina la njia nzima ya watumwa na pembe ili ingojee kwenye orodha: Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora, fasi kwa fasi mpaka Ujiji. Pale Ujiji orodha inasimama, kwa sababu mpaka wa Tanzania unaishia majini. Lakini msafara haukuanzia Ujiji! Watu wengi waliofungwa walitoka huku. Njia iko na mkia unaotunzwa, kichwa kiko kwetu ndani ya majani.

Kuko na ile fasi ya Lualaba karibu na Kongolo, ambayo Wafaransa wanaita Portes d'Enfer, ndiyo kusema Milango ya Jehanamu. Ile kweli iliumbwa na Mungu: mto mpana unaingia katikati ya mawe, unabanwa, unanguruma. Atakayefika pale ataogopa na atafurahi. Lakini hata pale aulize swali moja: reli ya Kongolo mpaka Kindu ilijengwa juu ya nini? Ni kwa sababu mashua hazikuweza kupita. Na nani alibeba vyuma na kupasua mawe? Ni hesabu ileile tena, ya watu bila majina.

Sasa nafika nyumbani, Namoya. Hapa nasema kama mtu wa sendika, kwa sababu ndipo hatari iko karibu. Mwendamboko, Kakula, Namoya Summit: kwa karatasi za wataalamu ni majina ya fasi za dhahabu. Kwetu ni milima ambayo baba zetu walitoboa wakati wa Wabelgiji, wakatoboa tena wakati wa Sominki, ile kompani iliyoundwa mwaka wa 1976, na vijana wetu wanatoboa mpaka leo, wengine kwa mashine, wengine kwa mkono. Mgeni akiona mdomo wa galeri ya zamani, giza ndani, maji ya kijani chini, anasema: ajabu! Anataka kuingia apige picha.

Asiingie. Mbao za galeri iliyoachwa zimeoza. Hewa ndani inaweza kukosekana na mtu hasikii chochote mpaka magoti yanalegea. Maji ya shimo la dhahabu si ya kuoga, wala ya kugusa tu hivihivi. Na kule vijana wanapochimba kwa mkono, mwenye kupeleka mgeni kuwatazama wakishuka na kamba anauza hatari ya mtu mwingine. Mchimbaji si nyama wa zoo. Kama unataka kumjua, kaa naye juu, muulize anashuka mita ngapi, anapata nini, nani ananunua, nani anamkata.

Ajabu ya kweli ya Namoya haiko shimoni. Iko ndani ya masanduku ya wazee. Kuko mzee ana karte ya kazi, kuko mwingine ana fishi ya mshahara, ana picha ya ekipe yake wamesimama mbele ya mashine. Kuko mjane anayejua mume wake alifia galeri gani. Mzee akifa, watoto wanafagia nyumba, karatasi zinawasha moto wa jikoni. Kila mwaka tunachoma maktaba yetu kwa kupika ugali. Hilo njo linaniuma kuliko mambo yote ya utalii.

Najua mtaniuliza: watu wanakosa dawa na barabara, wewe unaleta habari ya vibao na watalii? Swali ni la haki. Simdanganyi mtu: leo barabara ni mbaya, mvua ikinyesha hata motari anasukuma moto yake, na bunduki bado ziko porini. Mgeni asije bila kuuliza wenyeji kwanza. Lakini kuandika majina hakungoji barabara. Kuchukua maneno ya wazee hakungoji amani yote. Kuweka alama kwenye makaburi ya Tongoni kabla mtu hajayachimba kutafuta mali ao kutengeneza matofali, hiyo ni kazi ya leo. Wataalamu wa mambo ya kale walishafika Kasongo na Tongoni kutafiti pamoja na watu wa hapa, kwa hiyo hatuanzi na sifuri.

Wengine wataogopa kitu kingine: huku wajukuu wa walioshika bunduki na wajukuu wa waliofungwa wanaoana, wanasali pamoja, wanalima pamoja, juu ya nini kufungua kidonda? Ninajibu hivi. Kibao cha Nyangwe hakimshtaki mjukuu wa mtu. Kinachogawanya watu ni hadithi inayosemwa usiku, kila kabila na yake. Ile inayosemwa mchana, mbele ya wote, watoto wanaweza kuisoma kwenye masomo pamoja.

Na franga? Siombi franga mpya. Kodi ya madini chini ya sheria ya mwaka wa 2018 inagawanywa: 50% serikali ya kati, 25% jimbo, 15% eneo la chini ambako mgodi unafanya kazi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria ileile inaweka pia 0.3% ya mauzo ya kompani kwa kazi za maendeleo ya wenyeji. Kibao cha saruji, kompyuta moja ya kuingizia karatasi za wazee, posho ya vijana sita wa kuongoza wageni: ni kitu gani hapo kinachoshinda ile pesa? Mgodi ulikula jasho la wazee, mgodi ulipe kuhifadhi majina yao. Sisi wa sendika tuombe hilo kwenye meza, pamoja na viatu na kofia za kazi.

Ninataka mambo matatu. Nyangwe na Tongoni zipimwe na kutambuliwa na serikali kama fasi za kumbukumbu, na Kinshasa ikae na Dodoma ili njia ile isikatwe Ujiji. Wenye kuongoza wageni wawe watoto wa hapa, na mzee anayetoa hadithi alipwe, asipewe tu sigara. Galeri za zamani za Namoya zifungwe kwa usalama, na mlangoni pawekwe majina ya waliofia ndani, kadiri familia zinavyokumbuka.

Mkifikiri mtalii wa kwanza atakuwa mzungu na kamera, mnakosea. Ujiji, Kigoma, Tabora, Dar es Salaam, Bujumbura, kuko watu wanaoitwa Wamanyema mpaka leo. Babu zao walitoka huku, wengine kwa kamba, wengine kwa kubeba pembe, wengine kwa kufuata msafara. Siku moja wajukuu wao watavuka ziwa kuuliza walitoka wapi. Wale hawatafuti ajabu. Wanatafuta kwao, na sisi ndio tutaulizwa.